Mpangaji kavunja mkataba: umpe barua ya kurekebisha au notisi ya kuhama?

Nyumba ya marehemu baba iko Chikongola, Mtwara mjini, vyumba sita vya kupangisha na uwani mmoja wa wote, na tangu baba afariki mimi ndo nashika daftari la kodi. Msimu wa korosho wa mwaka juzi mama wa chumba namba nne akaanza kuchoma korosho pale uwani. Mwanzo karai moja asubuhi, mi nikanyamaza, mtu anatafuta riziki. Baada ya wiki mbili karai zimekua tatu, na wabanguaji wanne wamekaa chini ya mwembe, maganda yametapakaa mpaka mlango wa choo. Aliyewahi kuchoma korosho anajua ule moshi ulivyo, mafuta ya ganda yakishika moto karai zima linawaka, moshi mweusi mzito unaingia kila dirisha na nguo zilizoanikwa zinabadilika rangi, na yale mafuta yakigusa ngozi yanababua. Mtoto wa chumba namba mbili alichezea ganda bichi alafu akajipangusa mdomo, midomo ikavimba ikatoka malengelenge, mama yake akaja kwangu na mtoto mkononi analia. Nikaufungua mkataba: kifungu cha tano, chumba ni kwa makazi tu, biashara yoyote ya uzalishaji hairuhusiwi bila idhini ya mwenye nyumba kwa maandishi.

Sasa namwandikia nini? Dalali aliyeniletea yule mpangaji akasema mpe miezi mitatu, ndo sheria. Jirani akasema piga kufuli akiwa sokoni. Mdogo wangu aliyeko Dar akanitumia WhatsApp notisi aliyoitoa intaneti, ya Kiingereza, inamtaka mpangaji ahame ndani ya siku saba. Watu watatu majibu matatu, na nilivyokuja kuuliza vizuri, kwa mwenyekiti wa mtaa na kwa wakili, nikagundua yote matatu yangeniumiza. Tangu hapo nimeandika barua za aina zote mbili, ya kumpa mtu nafasi arekebishe na ya kumwambia ahame, kwa wapangaji tofauti, kwahiyo naziweka hapa pamoja ili mwenye nyumba mwenzangu aone ipi inamfaa kabla hajashika kalamu.

Kwanza tuzitofautishe maana wengi tunaita zote "notisi".

Barua ya kurekebisha inasema hivi: umevunja kifungu fulani, kwa kufanya jambo fulani, tarehe fulani, unatakiwa uache au ulipe au utengeneze kabla ya tarehe fulani, usipofanya hivyo nitasitisha mkataba na kudai chumba. Mpangaji akirekebisha anabaki, mkataba unaendelea kama ulivyokuwa. Notisi ya kuhama inasema mkataba unaisha tarehe fulani kwa sababu hii, siku hiyo uwe umekabidhi chumba. Hapo hata akirekebisha kesho yake, uamuzi ushatoka, abaki au asibaki ni hiari yako.

Ukizitazama juu juu ya pili inaonekana kali zaidi na ya haraka zaidi, ndo maana watu wakiwa na hasira wanaikimbilia. Mimi naona kinyume chake, kwa makosa mengi ya kawaida ya mpangaji ile ya kwanza ndo inakufikisha haraka. Sababu ni kwamba mpangaji asipotoka kwa hiari yake wewe huna mamlaka ya kumtoa, atakayesema atoke ni baraza la ardhi au mahakama, na kule swali la kwanza litakuwa ulimwambia kosa lake nini na ulimpa nafasi gani. Sheria ya Ardhi ya 1999, ile Sura ya 113, ina sehemu nzima inayohusu upangishaji, na inataka mpangaji aliyevunja sharti apewe taarifa inayotaja kosa lenyewe, nini afanye kulirekebisha kama linarekebishika, muda unaotosha, na nini kitafuata asipofanya. Ukiruka hatua hiyo ukaenda moja kwa moja kwenye "hama", unaweza kukaa miezi unasubiri shauri lisikilizwe alafu ukaambiwa notisi yako ina kasoro, rudi ukaanze upya, na muda wote huo mtu yumo ndani. Zile siku 30 ulizoona unazipoteza kumsubiri arekebishe zinakuwa ndizo zilizokuokoa.

Mimi natoa siku 30, kwa kila kosa linalorekebishika. Kuna wanaotoa 14, kuna wanaotoa saba. Siku saba kwa mtu mwenye watoto na kabati na friji, hapa kwetu ambapo chumba cha kuhamia mpaka uzunguke na dalali wiki nzima, hata mimi ningekuwa mjumbe wa baraza ningeona umemuonea.

Na ile miezi mitatu ya dalali je? Hii imekaa vichwani mwa watu sana, Mtwara hii na Lindi pia, kila mtu anaitaja lakini hakuna anayekuonyesha imeandikwa wapi. Tulikuwa na sheria ya kudhibiti kodi za nyumba ya 1984 iliyokuwa ikimlinda sana mpangaji, ikafutwa 2005. Leo kinachoangaliwa kwanza ni mkataba wenu umesema nini kuhusu notisi. Kama mkataba umesema miezi mitatu basi ni mitatu, umejifunga mwenyewe. Kama umesema mwezi, ni mwezi. Na kama hamna kilichosemwa, wala muda wa upangaji haukutajwa, kinafuatwa kipindi cha kulipia: anayelipa mwezi kwa mwezi anapewa notisi isiyopungua mwezi mmoja. Sasa hiyo ni notisi ya kumaliza upangaji tu, haihitaji hata kosa. Kwa mtu aliyepanga kwa mdomo, na sheria inakubali upangaji wa mwaka mmoja kushuka chini uwe wa mdomo, mara nyingi hiyo ndo njia rahisi kuliko kuanza kubishana kavunja sharti gani wakati sharti lenyewe halijaandikwa popote. Nimeona wenye nyumba wa Magomeni na Likombe, hapa hapa Mtwara mjini, wanahangaika kumthibitishia mpangaji kosa la "tulikubaliana", na mpangaji anajibu hatukukubaliana, wakati wangempa notisi yake ya mwezi wakamaliza.

Turudi kwenye zile mbili. Jambo linaloamua kuliko yote ni aina ya kosa, kwahiyo ntapita kwenye yale tunayokutana nayo huku kusini.

Kodi iliyolala. Hapa mimi siku zote naanza na barua ya kurekebisha, kwa sababu kosa la pesa linarekebishwa na pesa. Huku kwetu kuna jambo la kuzingatia, mpangaji anayeishi kwa korosho, awe mbeba mizigo wa ghala au mama lishe wa pale wanapopima au mwenye shamba lake Nanyamba, hela yake iko kwenye mnada. Minada inaanza mwezi wa kumi, na hata ikianza malipo yanapita chama cha msingi cha ushirika kwanza, hayafiki siku hiyo hiyo. Ukimwandikia mwezi wa nane alipe ndani ya siku 30, umeandika barua ambayo unajua haitatimizwa. Kama nia yako ni kupata hela, mpe tarehe ambayo hela inaweza kuwepo na muandikishiane. Kama nia ni kupata chumba, hapo sawa, hesabu siku zako uendelee. Mtu wa mshahara hana sababu hiyo, yeye siku 30 zinamtosha kabisa.

Na kwenye barua ya kodi andika hesabu yenyewe, mwezi kwa mwezi. Niliwahi kuandika "unadaiwa 165,000" na ndani yake nilikuwa nimeweka kodi ya miezi mitatu kwa 40,000, maji, na bati alilovunja mwanae. Akaja na 120,000 akasema kodi yangu hii hapa, ameitimiza barua, na hakuwa na kosa la kodi tena. Yale mengine nikaanza kuyadai upya. Kodi iandikiwe barua yake, deni la maji lina barua yake.

Kumpangishia mtu mwingine. Msimu ukifika mji unajaa, madereva wa malori ya bandarini, vijana wa kubeba magunia, mawakala wa wanunuzi, kila mtu anatafuta pa kulala, na mpangaji wako mwenye chumba na sebule anaona fursa, sebule anawapa watu watatu kwa siku. Unashtukia foleni ya choo asubuhi. Barua ya kurekebisha inatosha, wageni watoke kabla ya tarehe fulani na yasirudiwe. Hilo la "yasirudiwe" liandike. Mpangaji wangu mmoja aliwatoa siku ya 28, nikamshukuru, mwezi uliofuata wakawepo wengine. Mara ya pili hiyo sikuandika tena arekebishe, nilimpa notisi ya kuhama nikaambatanisha kopi ya barua ya kwanza, na pale alipotaka kulalamika kwa mwenyekiti ile kopi ndo iliyomnyamazisha. Kosa lililorudiwa baada ya onyo la maandishi ni kesi nyingine kabisa na lile la mara ya kwanza.

Kubadilisha matumizi, kama mama wa korosho, au fundi anayechomelea vyuma kwenye baraza, au anayefuga kuku 50 kwenye stoo. Kurekebisha, bila kusita. Hawa mara nyingi ni wapangaji wazuri wa kodi, hakuna sababu ya kumpoteza mtu anayelipa kwa wakati kwa sababu ya karai.

Lakini yako makosa ambayo huwezi kumwambia mtu rekebisha. Anayepika gongo chumbani, anayeuza bangi, aliyempiga mpangaji mwenzie, aliyeng'oa fremu za madirisha akauza. Na huku kwetu mimi naongeza na anayefanya chumba ghala la kangomba, yaani walanguzi wanaonunua korosho kwa wakulima kinyemela nje ya mnada. Tangu 2018 serikali iliponunua korosho kwa 3,300 kwa kilo, ikatumia jeshi na kuanza kuhakiki nani mkulima na nani kangomba, kila mtu alijionea hili jambo linavyoweza kukugeukia. Magunia yakikutwa kwenye nyumba yako utaulizwa na wewe. Kwa hawa naandika notisi ya kuhama moja kwa moja, nataja kosa na tarehe, na kama ni jinai naripoti polisi kabla sijaandika, nachukua namba ya taarifa naiweka kwenye barua. Hata hapa simwambii atoke leo, nampa tarehe.

Jambo la pili la kupima ni hela ya mbele. Wengi wetu tunachukua kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Ukimpa barua ya kurekebisha, hela hiyo haina mjadala, yupo kwenye chumba alicholipia. Ukimpa notisi ya kuhama mwezi wa tatu, swali la kwanza atakalokuuliza ni miezi yangu mitatu iliyobaki iko wapi, na wewe ushaezekea bati. Mimi msimamo wangu ni kurudisha, nakata deni ninaloweza kulionyesha kwa maandishi basi, sijaona namna ya kukaa na chumba na hela ya chumba kwa pamoja alafu niende mbele ya watu nikaongee haki. Kwahiyo kabla hujachagua notisi ya kuhama jiulize hela ya kurudisha unayo? Kama huna, chagua ya kurekebisha, au panga tarehe ya kuhama iangukie siku kodi yake inapoisha.

Na hapo hapo kuna mtego ambao umewaharibia wengi. Umeshampa notisi ya kuhama, mwezi unaofuata anakuja na kodi mpya mkononi, unapokea kwa sababu ada ya shule inadaiwa. Umeiweka notisi yako hatarini. Kupokea kodi ya kipindi kipya kunaweza kuonekana kama kumwambia kaa, hasa ukiendelea kupokea. Kama ni deni la nyuma pokea, ila kwenye risiti andika wazi "malipo ya deni la mwezi wa saba, notisi ya tarehe 3 inaendelea", asaini. Ya mbele usiguse.

Barua ya kurekebisha haina mtego huo kwa ukali ule, maana mkataba bado uko hai na kodi inaendelea kulipwa kama kawaida mpaka utakaposema umeisha. Hiyo nayo ni sababu naipendelea.

Nani aiandike? Ya kurekebisha andika mwenyewe, kwa Kiswahili. Tafadhali kwa Kiswahili. Ile notisi ya Kiingereza ya mdogo wangu mpangaji angeipeleka kwa nani amsomee? Tangu 2021 Kiswahili ndo lugha ya mahakama na mabaraza yetu kisheria, hamna anayekutaka uandike Kiingereza ili ionekane nzito. Ya kuhama, kama ni chumba cha kawaida bado unaweza mwenyewe, ila kama ni fremu za biashara, au mpangaji ni kampuni, au mkataba ni wa miaka, nenda kwa wakili, gharama yake ni ndogo kuliko ya kurudia.

Hii ndo niliyomwandikia mama wa korosho, jina nimetoa:

"Bi. ......, chumba namba 4. Yah: Kuvunja kifungu cha 5 cha mkataba wa tarehe 1 Julai. Kuanzia tarehe 20 Oktoba umekuwa ukichoma na kubangua korosho kwa biashara uwani, kwa karai tatu na wafanyakazi wanne, bila idhini yangu ya maandishi. Moshi unaingia vyumba vya wapangaji wote na tarehe 9 Novemba mtoto wa chumba namba 2 aliungua midomo kwa mafuta ya ganda. Unatakiwa uache kuchoma na kubangua korosho katika eneo la nyumba na uondoe karai na maganda yote kabla ya tarehe 14 Desemba. Usipofanya hivyo nitasitisha mkataba na kudai chumba kwa njia za kisheria. Ukitaka tuzungumze nipo kila Jumamosi asubuhi."

Hamna matusi wala "umenidharau", hamna historia ya wema niliomtendea. Niliandika rasimu ya kwanza ikiwa na yote hayo, ukurasa mzima, mwenyekiti wa mtaa akaisoma akaniambia mama, hii barua usimwandikie huyu mpangaji, mwandikie yule mtu wa tatu atakayekuja kuisoma mwakani asiyewajua nyote wawili. Nikarudi kuandika upya na tangu siku hiyo ndivyo ninavyoziandika zote. Mtu wa tatu anataka kifungu, tarehe, tukio, nini kifanyike, mpaka lini.

Kufikisha nako kuna kuchagua. Mkononi, WhatsApp, au kubandika mlangoni. Mkononi ndo ya kutegemea: kopi mbili, mpangaji anasaini kwenye yako na kuandika tarehe aliyopokea. Akikataa kusaini, na wengi wanakataa wakidhani wakisaini wamekubali kosa, usigombane naye, mweleze ni kupokea tu, akiendelea kukataa mwachie kopi yake mbele ya mjumbe wa mtaa na jirani mmoja, hao wawili waandike kwenye yako "amekataa kusaini, kaachiwa mbele yetu", majina na sahihi. WhatsApp mimi natuma picha ya barua baada ya hapo, kama nyongeza, zile tiki mbili za bluu zinasaidia lakini siegemei peke yake, simu inaibiwa, laini inabadilishwa. Kubandika mlangoni iwe ya mwisho, mtu akiwa amejificha, na piga picha. Barua iliyobandikwa mlangoni inasomwa na uwani mzima, unamuaibisha mtu mbele ya watoto wake na baada ya hapo hataki tena kusikiliza lolote.

Muhuri wa mwenyekiti wa mtaa ni mzuri, upate, ila ujue ni ushahidi kwamba barua imepita na imefika. Mwenyekiti hana mamlaka ya kumtoa mpangaji, na akikwambia anayo usimfuate.

Kufuli sasa. Sitaliweka kwenye ulinganisho kama njia ya tatu maana si njia. Namjua mama mmoja wa Lindi, Mtanda, alimfungia mpangaji wa kodi ya miezi minne, akatoa vyombo nje mvua ya kifuku inanyesha, godoro na redio na mashine ya kushonea vikaloa vyote. Mpangaji aliyekuwa anadaiwa akageuka kuwa mdai, mashine ile peke yake ilizidi kodi aliyokuwa anadaiwa, na mwisho mama wa watu ndo aliyekuwa analipa kwa awamu. Kukata umeme, kung'oa mlango, kutoa bati, yote ni hayo hayo. Aliyeruhusiwa kutoa vyombo vya mtu ndani ni dalali wa baraza au wa mahakama akiwa na amri mkononi.

Na kama siku zimeisha hajarekebisha, au tarehe ya kuhama imefika hajahama? Kwenye ile ya kurekebisha unaongeza barua moja fupi ya kusitisha mkataba ukirejea ya kwanza. Kisha barua zako zote zinaelekea sehemu moja. Baraza la Kata kwanza, na tangu mabadiliko ya 2021 hilo linasuluhisha tu, halitoi hukumu. Zikipita siku 30 hamjapatana unaweza kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, Mtwara lipo na Lindi lipo, na huko ndo kuna uamuzi na amri ya kukazia hukumu. Beba mkataba, kopi za barua zenye sahihi, daftari la kodi. Na mkataba uwe umelipiwa ushuru wa stempu, asilimia moja ya kodi ya mwaka, kwa chumba cha 40,000 ni kama 4,800 tu, wengi hatulipi alafu siku ya kuutoa kama ushahidi tunaanza kuhangaika TRA. Yule wangu wa sebule ya wageni tulifika Baraza la Kata kikao kimoja, wazee wakasoma barua zote mbili kwa sauti, wakamuuliza ulizipata, akasema nilizipata. Akaomba wiki tatu, nikampa, akahama siku ya 19.

Kwahiyo ukinibana nichague moja kwa mtu ambaye sijui kosa la mpangaji wake, namwambia ya kurekebisha, siku 30, kopi mbili. Ya kuhama iwe ya aliyerudia baada ya onyo, na ya makosa yale ya jinai na kubomoa nyumba, na uwe na hela ya kumrudishia.

Mama wa korosho alikuja ile Jumamosi. Alikaa kwenye mkeka akaniambia dada, mi nilidhani ungenifukuza, mbona umenipa mwezi? Tulizungumza, akapata kibanda cha makuti kwa shangazi yake njia ya kwenda Naliendele, eneo wazi upepo unapita, karai zikahamia huko tarehe 10 Desemba, siku nne kabla. Maganda alilipa kijana wa toroli akayaondoa yote, ila pale chini ya mwembe ardhi ilibaki nyeusi mpaka mvua zilipoisha. Chumba namba nne bado ni chake. Nilimwandikia karatasi nyingine ya mistari miwili kwamba amerekebisha na barua ya Novemba imefungwa, tukasaini wote, yake anayo na yangu iko kwenye faili pamoja na ile ya kwanza.